Corolla yenye matairi ya theluji au RAV4 inayovuta kote? Kuchagua gari kabla ya baridi ya Minnesota

Mtoto wa kaka yangu aliniandikia juzi usiku: "Shikamoo shangazi. Nimepata magari mawili na wauzaji wote wanataka jibu kabla ya Jumamosi. Kuna RAV4 ya 2014 inayovuta magurudumu yote manne, dola 9,400. Kuna Corolla ya 2014, inavuta mbele tu, dola 7,300. Kazini wote wananiambia Minnesota bila gari la kuvuta kote nitalala njiani. Nichukue RAV4?"

Marahaba, baba. Chukua Corolla.

Sababu nilimpa kwa simu, zaidi ya saa nzima, huku nikipika. Amefika Saint Paul mwezi wa sita akitokea Iringa. Baridi anadhani anaijua kwa kuwa amekulia kwenye ile ya Juni na Julai. Hii ya huku hajakutana nayo. Mimi nina miaka kumi na minne hapa, mingi kati yake nikifanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na natoka kazini saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ambayo barabara iko katika hali mbaya kuliko zote. Swali lake nimeulizwa na wengi, kanisani na kwenye misiba na harusi, na kila mara naona mtu anajiandaa kutumia pesa zake zote mahali pasipomsaidia. Kwa hiyo naliandika hapa kwa urefu.

Kuondoka ni jambo moja, kusimama ni jingine

Gari linalovuta kote linapeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu manne badala ya mawili. Msaada huo ni wa kweli. Theluji ya sentimita kumi na tano imelala kwenye maegesho, wewe unaondoka, jirani anabaki anachimba. Unapanda kilima kilicholoa barafu bila magurudumu kuzunguka bure. Wanaolisifu hawadanganyi.

Lakini fikiria kinachotokea ukikanyaga breki. Kila gari, hata Vitz ya Kariakoo, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Ukishaondoa mguu kwenye mafuta na kuuweka kwenye breki, ule mfumo wa kuvuta kote hauna tena cha kukuongezea. Kinachokushika barabarani ni mpira unaogusa ardhi, na kila tairi linagusa ardhi kwa sehemu inayokaribia ukubwa wa kiganja. Viganja vinne tu, na juu yake tani moja na nusu ya chuma na wewe na watoto. RAV4 ni nzito kuliko Corolla, na uzito huo wote lazima usimamishwe na mpira uleule. Kwenye kona ni hivyohivyo: gari halikatishi kona kwa sababu linavuta kote, linakatisha kwa sababu mpira umeng'ang'ania.

Kuna hatari nyingine ambayo hakuna aliyenieleza nilipokuja. Gari linalovuta kote linakuficha hali ya barabara. Corolla itakwambia mapema: taa ikiwaka kijani magurudumu ya mbele yatazunguka kidogo, utajua leo ni leo, utapunguza mwendo. RAV4 itaondoka kama vile barabara ni kavu. Unafika maili 40 kwa saa ukiwa na imani, na unapokuja kuujua ukweli ni wakati wa kusimama.

Nilijifunza hilo majira yangu ya pili ya baridi. Nilikuwa na gari kubwa la kuvuta kote, matairi ya kawaida yaliyokwisha nusu. Nilitoka barabara kuu ya I-94 kwa njia ya kuchepuka inayoshuka hadi kwenye taa, taa ikawa nyekundu, nikakanyaga breki mapema kabisa kwa fikra zangu. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu, zilitetemeka chini ya mguu wangu, tr-tr-tr-tr, na gari likaendelea kwenda kama vile sijafanya kitu. Nilipita taa nyekundu nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na mguu umekanyaga hadi mwisho. Hakuna aliyekuwa anapita upande wa pili. Nilisimama kwenye tuta la theluji ng'ambo ya barabara, nikakaa pale bila kuzima injini, nikimshukuru Mungu kwa sauti. Wiki hiyohiyo nilinunua matairi.

Matairi yenyewe, ndipo uchaguzi ulipo

Umeona mafuta ya nazi yanavyoganda asubuhi ya baridi? Mpira wa tairi una tabia ya jamaa hiyo. Tairi la kawaida limechanganywa liwe imara kwenye lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi (45 za Farenhaiti) linaanza kukakamaa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo linavyofanana na plastiki. Tairi la theluji limechanganywa libaki laini, na uso wake umekatwa mikato midogo mingi inayouma theluji na barafu. Kwa hiyo usidhani tofauti ni meno makubwa tu. Kwenye lami kavu, siku isiyo na theluji hata chembe, ikiwa ni nyuzi 20 chini ya sifuri, tairi la theluji bado linakushika vizuri zaidi.

Dukani utakutana na aina nne, na majina yao yanachanganya makusudi au bila makusudi:

| | Misimu yote | Hali zote za hewa | Ya theluji | Ya misumari |
|---|---|---|---|---|
| Alama ubavuni | M+S | M+S pamoja na mlima na chembe ya theluji | Mlima na chembe ya theluji | Mlima, na vipini vya chuma usoni |
| Chini ya nyuzi 7 | Linakakamaa | Linabaki laini kiasi | Linabaki laini | Linabaki laini |
| Theluji nene | Dhaifu | Nzuri | Nzuri sana | Nzuri sana |
| Barafu tupu | Hatari | Wastani | Afadhali kuliko yote yasiyo na misumari | Bora |
| Wakati wa joto | Sawa | Sawa, linawahi kuisha | Litoe | Litoe, ni sheria |

Herufi M+S zimewapoteza wengi. Maana yake ni matope na theluji, basi mtu akiziona anasema tairi langu ni la theluji. Herufi hizo zinahusu umbo la meno, haziulizi mpira umetengenezwa kwa nini. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo inapatikana kwa kupimwa kwenye theluji. Ila nayo ina mpaka wake: kipimo ni cha jinsi tairi linavyovuta kwenye theluji, hakipimi kusimama kwenye barafu. Ndiyo maana tairi la hali zote za hewa na tairi halisi la theluji yanaweza kubeba alama moja na bado yakatofautiana sana barafuni.

Sasa nani achukue lipi? Aliye Louisville, Kentucky, au Maryland, au Columbus, Ohio, ambako theluji inakuja, inayeyuka, inarudi tena, achukue ya hali zote za hewa yenye mlima ubavuni na alale usingizi. Vivyo hivyo aliye Uingereza. Habadilishi matairi mara mbili kwa mwaka, na kama anakaa ghorofani hana shida ya kutafuta pa kuweka matairi manne ya ziada. Sina neno dhidi ya hayo.

Aliye Minnesota, Fargo, Maine, Winnipeg au Edmonton, namwambia bila kumung'unya: nunua ya theluji halisi. Huku baridi inashika Novemba na kuachia Machi, mara nyingine Aprili. Watu wanalia kwamba ni gharama ya ziada. Piga hesabu vizuri. Yakiwa yanatembea matairi ya theluji, yale mengine yamelala stoo hayaishi. Seti mbili zinadumu karibu mara mbili ya seti moja. Gharama ya kweli ya ziada ni rimu na ufundi wa kubadilisha, na rimu za chuma ukinunua mara moja zinakaa na gari mpaka utakapoliuza. Nakushauri uzinunue, maana kung'oa tairi kwenye rimu na kulirudisha mara mbili kila mwaka kunalichosha tairi na kunakuchosha wewe kwenye foleni ya gereji mwezi wa kumi na moja.

Nunua manne. Kuna mafundi, hata wa kwetu, watakaokwambia weka mawili mbele kwa kuwa ndiyo yanayovuta. Gari la namna hiyo mbele limeshika na nyuma linateleza, na kwenye kona mkia utakupita. Bora manne ya bei nafuu kuliko mawili ya bei kali.

Misumari kwa huku tuisahau, kwa kuwa Minnesota inawakataza wakazi wake kuitumia, nje ya ruhusa chache maalumu. Maine inaruhusu kuanzia tarehe 2 Oktoba hadi 30 Aprili, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Portland na Lewiston wanayo nafasi hiyo, na anayekaa njia ya kijijini isiyokwanguliwa theluji mapema sina sababu ya kumzuia. Sweden inaruhusu kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 15, ingawa mtaa wa Hornsgatan mjini Stockholm ulipiga marufuku misumari tangu 2010 kwa sababu ya vumbi la lami inayosagwa. Minyororo ya kufunga kwenye matairi ni ya milimani, Colorado na California. Huku tambarare utakata lami na masikio yako bure.

Kabla ya kulinganisha bei, tazama sheria ya unakokaa, maana pengine huna uchaguzi. Québec inalazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani inayataka kila barabara inapokuwa na theluji au barafu, na tangu Oktoba 2024 tairi la M+S peke yake halitambuliki tena kama tairi la baridi. Ontario hailazimishi, lakini kampuni za bima zinatakiwa kukupunguzia ukiyavaa, kwa hiyo ulize.

Nilimwomba picha za matairi

Huyu kijana alinitumia picha za RAV4 kumi na mbili: viti, redio, paa la kioo. Nikamwambia, baba, niletee picha ya ubavu wa kila tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Za RAV4 zilisomeka 3116: wiki ya 31 ya mwaka 2016. Mpira wa zamani hivyo umekauka hata kama meno yanaonekana. Na meno yenyewe hayakuonekana sana. Chukua sarafu ya senti 25, ichomeke kichwa chini kati ya meno ya tairi. Ukiona utosi wa George Washington, meno yamebaki chini ya milimita 3.2, na hayo si ya kuingia nayo Desemba. Kwetu tungeyaita vipara na kuendelea nayo hadi yapasuke. Hapa kipara kinakuua kabla hakijapasuka.

Kumbe basi RAV4 ya dola 9,400 inahitaji matairi mapya, na ya gari kubwa ni ghali kuliko ya dogo. Kijana angeinunua, pochi ikawa tupu, akaingia baridini na vipara akijiona salama kwa sababu kibandiko cha nyuma kinasema inavuta kote.

Upande wa Corolla hesabu yetu ilikuwa hivi. Matairi manne ya theluji tuliyoulizia, dola 500. Rimu za chuma nne, 280. Kufunga na kuyasawazisha, 80. Betri mpya, 190, kwa kuwa iliyopo ina miaka sita. Koleo, kikwangulio, maji ya kioo ya baridi, waya za kubusti na blanketi, 60. Jumla 1,110. Kutoka kwenye ile tofauti ya 2,100 zinabaki 990, na hizo ziwe akiba ya kiasi atakachojilipia mwenyewe bima ikihitajika.

Betri nimeiweka humo si kwa bahati. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipima nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwenye maegesho yetu karibu kila boneti lilikuwa wazi. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya kawaida inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na injini nayo inataka nguvu zaidi kwa kuwa oili imekuwa nzito. Betri iliyokuwa inakohoa mwezi wa tisa haitaamka mwezi wa kwanza. Upepo wa matairi nao unashuka, karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazopungua. Uliojaza siku ya joto la nyuzi 20, ukifika nyuzi 20 chini ya sifuri umepungukiwa psi 7. Pima kila mwezi, gari likiwa limelala, kabla hujaliendesha.

Jambo moja zaidi la kutazama kwa anayenunua gari la zamani: Marekani, magari madogo yote ya kuanzia toleo la 2012 yanatakiwa kuwa na mfumo wa kudhibiti mserereko, ule unaokanyaga breki ya gurudumu mojamoja gari likianza kuzunguka. Usishuke chini ya mwaka huo ili uokoe dola mia saba. Na ingia uvunguni utazame kutu, maana chumvi ya barabarani huku inakula chuma kama mchwa.

Theluji au barafu, uogope ipi zaidi?

Mgeni anaogopa theluji kwa kuwa anaiona. Inaanguka, dunia inakuwa nyeupe, kila mtu anapunguza mwendo, magari ya kukwangua yanapita. Mimi siku hizo naendesha polepole na roho imetulia kiasi.

Ninayoiogopa ni asubuhi ambayo barabara inaonekana imeloa tu. Lami nyeusi, inang'aa kidogo, kama imenyeshewa na manyunyu. Ile ni barafu nyembamba isiyo na rangi, unaiona lami kupitia ndani yake. Inapenda madaraja, kwa kuwa hewa ya baridi inapita juu na chini, daraja linaganda wakati barabara iliyo juu ya udongo bado ina joto. Ishara yangu ni maji yanayorushwa na gari la mbele: barabara inaonekana imeloa, lakini matairi ya mwenzako hayarushi maji, basi hayo si maji.

Linganisha na hili, maana wengi wanaliona kinyume: barafu ya karibu na nyuzi 0 inateleza kuliko barafu ya nyuzi 20 chini. Ikikaribia kuyeyuka uso wake unalowa, na mpira unaelea. Siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni mbaya kwa betri na kwa masikio yako, lakini barafu yake ni kavu na inashikika kidogo. Ila siku hiyo nayo chumvi ya kawaida haifanyi kazi. Chumvi inasaidia vizuri hadi kama nyuzi 9 chini ya sifuri, ikishuka zaidi ya hapo barafu haiyeyuki ipasavyo, wanamwaga mchanga au chumvi za aina nyingine.

Wanaodhani hatari iko kaskazini tu wakumbuke Fort Worth, Texas, Februari 11, 2021. Haikuwa dhoruba ya theluji. Manyunyu yalianguka na kuganda juu ya I-35W, na kwenye saa kumi na mbili asubuhi zaidi ya magari 130 yaligongana mfululizo kwenye mteremko mmoja. Watu 6 walikufa. Saa hiyo ndiyo yetu sisi tunaobadilishana zamu. Kwa Marekani nzima, idara ya serikali ya barabara kuu imehesabu zaidi ya watu 1,300 wanaokufa kila mwaka kwenye ajali za barabara zenye theluji au barafu.

Tunachokuja nacho kutoka nyumbani

Dereva wa kwetu hafiki mikono mitupu. Tuna shule mbili, ya matope na ya Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya kwetu Iringa. Moja itakusaidia, nyingine itakupeleka mtaroni.

Ya matope inafundisha kwamba ukipunguza umekwama: unaingia na mwendo, unakanyaga mafuta, unachezesha usukani hadi utokee ng'ambo. Ukifanya hivyo juu ya barafu magurudumu yatazunguka, yatayeyusha uso wa barafu na kuusugua ukawa kioo, na utazidi kuzama. Kilichokusaidia masika Mufindi kiache huko. Ukikwama, acha mafuta, chimba mbele na nyuma ya matairi, mwaga mchanga, toka taratibu.

Ya Kitonga ndiyo uje nayo. Anayeshuka Kitonga na lori anajua mteremko hauteremkwi kwa breki. Unaweka gia nzito ukiwa bado juu, injini inakushikilia, mguu wa breki unaugusa tu. Barabara ya barafu yote, hata iliyo tambarare, iendeshe kwa moyo huo. Kila kitu kifanyike mapema na kwa upole: breki mapema, usukani kidogokidogo, mafuta kwa ncha ya kiatu. Muache wa mbele yako sekunde 8 hadi 10. Mkia ukianza kukupita, toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, elekeza usukani huko. Na breki za ABS zikitetemeka usizipampu kama ulivyofundishwa kwenye Peugeot ya babu yako, kandamiza na uache zitetemeke.

Umekwama: ubaki ndani au utembee?

Hapa sina mizani mirefu. Baki ndani ya gari, isipokuwa unaliona jengo lenye taa kwa macho yako na njia ya kufika iko wazi. Dhoruba ya Krismasi ya 2022 kule Buffalo, New York, iliua makumi ya watu, baadhi yao ndani ya magari na wengine nje kwenye theluji. Januari 2022, I-95 Virginia ilifunga kwa zaidi ya siku nzima, hata seneta Tim Kaine alikaa saa 27 ndani ya gari lake. Ukiwa na nusu tangi, blanketi, maji na chakula kidogo, saa 27 ni mateso yanayovumilika. Kwa hiyo kuanzia Novemba tangi langu halishuki chini ya nusu.

Lakini kubaki ndani kuna hatari yake, na hii naomba msome mara mbili. Theluji ikiziba bomba la moshi, moshi unarudi ndani ya gari. Hewa inayoua humo ni kaboni monoksidi, ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu, haina rangi, unasinzia tu. Januari 2016 huko Passaic, New Jersey, mama aliwasha gari ili watoto wapate joto wakati theluji ikichimbwa nje. Bomba lilikuwa limezibwa. Alikufa yeye na watoto wake. Kabla ya kuwasha, zunguka nyuma ulichimbue bomba. Washa kama dakika kumi kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo, kisha zima. Wala usipashe gari ndani ya gereji la nyumbani, hata mlango ukiwa wazi.

Kwenda kazini au kupiga simu

Uchaguzi huu ni mgumu kuliko wa gari, kwa kuwa wengi wetu tunalipwa kwa saa, na mzee aliye kitandani anamsubiri mtu amgeuze. Nimeenda siku ambazo sikupaswa kwenda. Sasa natazama 511, huduma ya jimbo inayoonyesha hali ya kila barabara kuu, na ina picha za kamera. Theluji pekee, naondoka dakika 40 mapema na kupita barabara za ndani badala ya I-94. Mvua inayoganda, sitoki, na hakuna tairi lolote nililolitaja hapo juu linalobadilisha jibu hilo. Zamu moja nikiipoteza ni kama dola 150. Namwambia msimamizi jioni, si alfajiri, ili apate mtu anayekaa jirani.

RAV4 nayo ina mtu wake, sitaki kuidhulumu. Anayekaa Duluth kwenye vile vilima, au nje ya mji njia ya changarawe inayokwanguliwa mchana, au muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani kabla magari ya theluji hayajapita, atanufaika na kuvuta kote na gari kuwa juu kidogo. Lakini alivishe matairi ya theluji nalo. Kama pesa ni ya kimoja, matairi yatangulie.

Kijana wetu anakaa maili sita kutoka kazini kwake, barabara zote ni za kukwanguliwa mapema. Corolla ameichukua jana. Siku theluji ya kwanza itakapolala tutakutana kwenye maegesho ya kanisa, asubuhi kabla magari mengine hayajafika, akanyage breki kwa nguvu akiwa na maili 15 kwa saa mpaka azoee ule mtetemo chini ya mguu. Nimemwambia aje na koleo lake.